Kuwavalisha Watu wa Greenland

Zuhura, wewe uliyerithi meza yangu ya pale dirishani, umeniomba niandike mambo ya zamani ya karakana yetu, tena kwa Kiswahili ili wakubwa wasiyasome. Wakubwa hawasomi hata tunayowaandikia kwa Kifaransa, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Habari za kupandishwa cheo sitakupa kwa sababu hazikuwepo. Nitakueleza kazi ilivyokuwa, nani alinifundisha, na ile kazi ya Greenland unayoniulizia kila unapoiona sanamu yake kule ghalani, imefunikwa shuka.

Nilitoka Bukavu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi cherehani, nimefundishwa na masista, na nilijiona fundi kweli. Brussels ilinipokea kwa kazi ya kutia viraka ovaroli katika ghala moja la Anderlecht, ambako hakuna aliyeangalia kiraka kimekaaje ilimradi mtu asionekane magoti. Halafu nikasikia kwamba jumba moja la makumbusho linatafuta mtu anayejua kushona kwa mkono. Nikavaa nguo zangu za kanisani nikaenda.

Siku ya kwanza nilimkuta Madame Godelieve, mkuu wa karakana. Alikuwa Mflemishi mpana, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Hakunisalimu. Alinipa kipande cha pazia la zamani kilichopasuka akasema, "Shona." Nilishona mpaka pale palipopasuka pakapotea kabisa, nikampelekea nikiwa nimejaa majivuno. Akavaa miwani, akakitazama kwa muda mrefu, akanirudishia pamoja na mkasi mdogo.

"Fumua," akasema.

"Madame, kuna kosa gani?"

"Hakuna kosa. Umeficha. Hapa hatufichi. Anayekuja baada yetu lazima aone palipoharibika na tulichofanya."

Nilifumua. Nilikuwa na hasira nilizopanda nazo tramu mpaka Schaerbeek, nikamwambia mume wangu kwamba yule mzungu hana akili. Kesho yake nikarudi. Niliendelea kurudi mpaka nilipostaafu, na mpaka leo nikiona mshono uliofichwa vizuri mno naushuku.

Sheria yake nyingine ilikuwa mikono. Hakuna mafuta mkononi, hata tone, kwa sababu mafuta yanahamia kwenye kitambaa na kukaa humo muda mrefu kuliko sisi tutakavyokaa duniani. Mwambie mwanamke wa Bukavu asijipake mafuta katika baridi ya Ubelgiji! Mikono yangu ilikauka ikawa kama ya mwashi. Jumapili nilijipaka ya wiki nzima, na Jumatatu Godelieve alinisimamisha kwenye beseni kama mtoto wa shule na kunitazama nikinawa.

Alinifundisha pia kwamba nguo haivalishwi hewa. Kabla ya nguo unatengeneza mwili wake. Unachukua sponji, unaichonga, unaivika merikani iliyochemshwa, unapima, unachonga tena. Kama mwenyewe alikuwa na bega moja limeshuka, nguo itakuambia, nawe unalishusha bega la sanamu. Tulitumia sindano zilizopinda, kwa kuwa sindano iliyonyooka haigeuki ukiwa kwapani mwa mtu. Subana yake Godelieve, ile ya kukinga kidole, ilikuwa ya shaba, na ole wako uiguse.

Basi, baada ya miaka michache, ikaja Greenland. Jumba letu liliamua kufanya maonyesho juu ya wakulima wa Kinorwei walioishi kule zamani, karne nyingi zilizopita, wakapotea. Mwanahistoria wetu aliitwa Pascal, kijana mwembamba, msomi wa kweli, aliyevaa sweta ndani nje bila kujua. Alikuwa na ofisi nzuri juu, lakini kahawa nzuri ilikuwa kwetu chini. Akawa anashuka kila siku. Sisi tunashona, yeye anahadithia, na hivyo ndivyo nilivyosoma chuo kikuu.

Alituambia kwamba aliyeanza ni mtu mmoja wa Iceland aliyefukuzwa kwao kwa kuua. Akasafiri magharibi, akakuta nchi kubwa iliyojaa barafu yenye majani kidogo kwenye ghuba zake, akarudi kuwaambia watu kwamba ameona nchi ya kijani. Jina hilo alilichagua makusudi ili watu wamfuate.

"Kama mjomba anayekuambia Brussels kuna kazi," nikasema, na Pascal akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Godelieve hakucheka. Kahawa ilikuwa karibu na kitambaa.

Watu walimfuata wakiwa na ng'ombe na kondoo wao. Walijenga mashamba kwenye zile ghuba, wakajenga makanisa ya mawe, wakapata askofu wao. Wakati wa baridi ng'ombe walifungiwa ndani ya zizi lenye kuta nene miezi mingi, na majira ya majani yalipofika walikuwa wamedhoofu kiasi kwamba watu waliwabeba kuwatoa nje. Nilimpenda mtu anayembeba ng'ombe wake. Zaka kwa Kanisa walilipa kwa pembe za walrasi, yule mnyama wa baharini mnene mwenye meno mawili marefu yanayoning'inia. Waliyafuata mbali kaskazini kwa mashua, na meli za Norwei zikaja kuyachukua na kuleta chuma na mbao. Waliishi hivyo kizazi baada ya kizazi. Haikuwa kambi, Zuhura. Watu walizaliwa kule, wakagombana mipaka ya mashamba, wakazeeka.

Halafu mambo yakaanza kuharibika, na Pascal alikuwa mwangalifu sana hapo. Baridi ilizidi. Meli zikapungua. Na Ulaya ikawa inapata pembe za ndovu kutoka Afrika, kubwa na nzuri zaidi, hivyo jino la walrasi likakosa wa kulitaka.

Godelieve aliinua kichwa. "Kumbe ni ninyi mliowamaliza," akaniambia.

"Ni tembo, Madame. Mimi sikuwepo."

"Tembo wa kwenu."

"Wa kwetu mlikuja kuwachukua baadaye." Akanisukumia kopo la biskuti. Kwake hiyo ilikuwa kuomba msamaha.

Kazi yetu ilikuwa kushona nakala za nguo zao. Nguo zenyewe zilitoka katika makaburi ya kanisa moja la pwani ya Greenland, na zimehifadhiwa katika jumba la kaskazini ambalo halimwazimi mtu. Kule miti haikuwepo ya kutosha, kwa hiyo wengi walizikwa katika nguo zao badala ya sanduku, na baridi ikazitunza. Tulipata vipimo na picha. Tulipozitandaza mezani nilishangaa. Nilitegemea ngozi na manyoya, nikakuta magauni ya sufu yaliyokatwa vipande virefu vya pembetatu ubavuni ili yachanue chini, na kofia za mabegani zenye mkia mrefu wa madaha mgongoni. Pascal akasema huo ndio ulikuwa mtindo wa Ulaya nzima wakati ule. Watu wako mwisho wa dunia, meli haiji, ng'ombe anabebwa, na bado wanataka mkia wa kofia kama wa mjini! Niliwaambia hao nawajua. Ni watu wa Bukavu kabisa. Kwetu mtu hali vizuri mchana, lakini Jumapili kola inasimama.

Sufu yenyewe ilitutesa. Ilikuwa nzito, ya kijivu, imefumwa kwa makusudi kama ya kwao. Godelieve aliamuru tufuate hata viraka: kiraka chao kiko begani, chetu kiko begani, kwa mshono uleule unaoonekana. Gauni la kwanza lilikataa kukaa. Tulilifumua, tukalikata tena, tukalifumua. Vipande vya majaribio vilivyobaki vilikuwa vingi, na Godelieve akaniambia, "Chukua, mwisho wake ni panya."

Nilivichukua nikamshonea mama yangu libaya, ile blauzi yetu ya kuvalia kikwembe cha kujifunga kiunoni. Nje ilikuwa kitenge cha buluu, ndani nikaitia ile sufu yote kama koti, na mbele vifungo vya mbao. Bukavu iko juu, asubuhi zake zina baridi, na mama alikuwa mzee. Msafiri wa parokia akampelekea. Mama akanipigia simu kusema kwamba ni nzito kama deni, na kwamba haivui.

Chumba cha mwisho cha maonyesho kilileta ugomvi. Habari ya mwisho iliyoandikwa kutoka Greenland ni ya harusi katika kanisa la mawe. Bwana na bibi harusi waliondoka baadaye kwenda Iceland, na baada ya hapo kimya. Miaka mingi sana ikapita kabla mtu wa Norwei kwenda tena kuwatafuta, akakuta kuta. Wakubwa walitaka ukutani paandikwe kwamba wote walikufa, na mbele yake ilale sanamu ya mwanamke katika gauni lake la kuzikiwa. Sanamu Pascal aliikubali. Maneno aliyakataa.

"Wengine walikufa," alituambia akiwa amekasirika, ndiyo mara pekee nilipomwona hivyo. "Wengine labda waliondoka, wakaolewa kwingine, wakapata wajukuu. Nguo inatuambia habari za nguo. Haituambii habari za watu wote." Akaandika, *Tangu hapo hatuna habari zao*. Wakubwa wakanung'unika, yakabaki.

Siku hiyohiyo alitueleza juu ya kaburi moja pale kwenye kanisa la zile nguo; halikuwa na maiti, ila kijiti tu. Kijiti kilichongwa jina la mwanamke na maneno kwamba alitupwa baharini, maana alifia safarini. Ndugu zake hawakuwa na mwili, wakazika kijiti. Hadithi hiyo ilinikaa.

Ilinikaa kwa sababu vita vilikuwa vimeingia Kivu. Bukavu ilikimbiwa. Simu ya mama ililia bila mtu, halafu ikaacha hata kulia. Watu walisema wengi wametembea kwa miguu kuelekea msituni, na mama yangu alikuwa mtu wa kuchoka kati ya nyumba na soko. Nilikuwa nakosea mishono ambayo hata mtoto haikosei.  Godelieve alichukua simu ya karakana, ambayo ilikuwa marufuku kwa mambo ya binafsi, akaivuta waya mpaka mezani kwangu, akaiacha hapo. Wakubwa walipouliza, alisema inamsumbua masikio pale ilipokuwa.

Jumapili moja baada ya misa, Papa Byamungu alikuja nyumbani. Huyu alikuwa mzee wa jumuiya yetu ya watu wa Bukavu, mtu wa heshima, mwenye sauti ya kufungua mikutano. Siku hiyo sauti hakuwa nayo.

"Maman Nsimire, kaa kwanza. Hapana, kaa."

"Papa, sema tu."

"Bon. Batu ba Nairobi balitupigia simu. Kuko kikundi ya batu balitoka Bukavu na miguu. Mu njia balizika mama moja muzee. Jina, hawajue. Donc, balisema tu vile alikuwa anavaa."

"Alikuwa anavaa nini?"

"Libaya ya bleu. Ndani banatia sufu ya kijivu, comme manteau."

"Bouton?"

"Ya mbao."

Zuhura, mimi ni fundi. Dunia nzima haikuwa na libaya nyingine namna hiyo. Papa Byamungu hakuhitaji kuniambia zaidi, na wala hakuna mtu wa Bukavu pale Brussels aliyehitaji. Kwetu mtu anajulikana kwa nguo yake tangu mwisho wa barabara, hata uso haujaonekana. Nililia pale chini ya meza ya chakula, sijui nilifikaje chini. Mume wangu aliuliza kama tungoje uthibitisho, na ni mimi niliyekataa. Nilisema kama watu wa Greenland walilia juu ya kijiti, mimi ninayo libaya.

Tukafanya matanga. Nyumba yetu ya Schaerbeek ilikuwa ya vyumba viwili, na watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Majirani Waturuki walituletea viti na chai bila kuulizwa. Wamama walipika fufu, sombe, yaani kisamvu, na samaki, wakaimba. Siku ya pili nikasikia vishindo vya kupanda ngazi ninavyovijua. Godelieve aliingia akiwa na koti jeusi na kapu la mikate midogo ya jibini, kwa sababu kwao msibani wanakula hivyo. Alitazama viti vyote vimejaa wanaume. Akavua viatu, akashuka mkekani kati ya wamama, na kushuka kwenyewe kulichukua muda. Maman Zawadi wa Etterbeek, ambaye hakosi neno, akaninong'oneza, "Huyu muzungu wako, kumushusha hapo chini ni rahisi, lakini kumuinua tutafanya namna gani?" Nilicheka katikati ya kilio. Godelieve alikaa mpaka jioni, hakuelewa wimbo hata mmoja, na alilia kwenye kila mmoja.

Niliporudi kazini maonyesho yalikuwa karibu kufunguliwa. Yote yalikuwa tayari isipokuwa ile sanamu ya kulala. "Nitaivalisha mimi," Godelieve akasema. Nikamwambia hapana. Mama yangu alizikwa na watu nisiowajua, sikumfunga kifungo hata kimoja. Nilimlaza yule mwanamke wa sponji, nikamvika gauni, nikanyoosha mikunjo kuanzia mabegani kwenda miguuni kama nilivyofundishwa, na nililia wazi bila kuficha. Godelieve alinishikia kitambaa chini ya kidevu ili machozi yasiiguse sufu. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifariji au analinda gauni. Nafikiri yote mawili, na nilimpenda kwa yote mawili.

Maonyesho yalikuwa yamefunguliwa tayari simu ilipolia mezani kwangu, asubuhi, tukinywa kahawa.

"Nsimire! Ni miye. Usilie, simu iko bei."

Niliishika meza kwa mikono miwili. Godelieve alidhani nimepatwa na kifafa.

"Mama? Uko wapi?"

"Ku paroisse, hapa Bukavu. Nilirudia. Miguu ilikataa pori. Padri njo amenipatia simu, donc useme mbio."

"Mama, tulisha kukufanyia matanga!"

Nilifikiri simu imekatika.

"Matanga yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Batu balikuja?"

"Nyumba ilijaa mpaka ku ngazi."

"Maman Zawadi alikuja? Alilia, ao alijikamula tu?"

"Alilia, mama."

"Mulipika nini?"

"Fufu, sombe, samaki."

"Nyama hapana?"

"Nyama hapana, mama."

"Quand même, Nsimire!"

Nilikuwa nacheka. Ndipo nikakumbuka kuuliza juu ya libaya. Sauti yake ikabadilika.

"Ile nilipatia mama moja wa mu njia. Alikuwa na homa, anatetemeka vibaya sana. Alikuwa yeye peke, hana mutoto, hana ndugu. Nikamuvalisha. Asubui yake alikufa nayo. Miye nilirudia, bengine balimuzika."

"Jina yake nani?"

"Homa ilikuwa inamusemesha ovyo. Nilimuita tu dada."

Nilipoweka simu chini nilimweleza Godelieve. Alinikumbatia mpaka miwani yake ikanichoma kifuani. Halafu akajitoa, akanitazama kama anavyotazama mshono wa mgeni.

"Safari hii una hakika?"

"Madame, amenigombeza kwa kutopika nyama."

"Basi ni yeye," akasema, akaenda kufungua kopo la biskuti mpya ingawa la zamani halijaisha. Pascal aliposhuka tukamwambia. Alikaa kwenye kigoda, hakugusa kahawa yake, na macho yakamjaa. Hakunikumbusha aliyoyasema juu ya nguo, na namshukuru kwa hilo.

Papa Byamungu aliona aibu mpaka akakonda. Ilibaki misa ya kuondoa matanga, tarehe imetangazwa, padri ameshapanga. Aliniomba nimuulize mama kama aifute. Mama alipopiga tena nilimuuliza.

"Afute ya nini?" akasema. "Kuna muntu alikufa. Hana muntu mwengine wa kumulilia. Ile machozi mulisha lia, musiirudishe."

Basi tukaenda. Nilifikiri watakuja wachache, maana aliyeliliwa yuko hai na anauliza habari za nyama. Walikuja wote, hata wale wa ngazini. Godelieve alivaa lile koti jeusi, Pascal alisimama nyuma na sweta yake, safari hii imegeuzwa sawasawa. Padri wetu, Mkongo mzee, alikuja mpaka benchi letu kabla ya kuanza, akainama na kuniuliza tunamuombea nani. Papa Byamungu alitazama viatu vyake.

"Jina yake hatujue, mon père," nikamwambia. "Tunajua tu alikuwa anavaa nguo nilishona miye."

Padri aliitikia kwa kichwa. Kisha akapanda altareni, akafungua mikono, na akaisoma misa hivyo hivyo, kwa ajili ya mama aliyezikwa katika nguo niliyoishona mimi.